Kabla Hujashusha Giaboksi

Gari langu ni Eunos Roadster, ile Mazda ndogo ya viti viwili ambayo Marekani wanaiita Miata na Ulaya wanaijua kwa jina la MX-5. Ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1989 kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, na langu ni la kizazi hicho cha kwanza: taa zinazochomoza na kujificha, injini ya sentimita za ujazo 1,597, uzito usiofika tani moja. Kwa Kigoma ni gari la kuchekwa. Tumbo liko chini, paa ni la turubai, na buti ikishapewa dumu la mawese na mfuko wa dagaa imejaa. Watoto wa mtaani kwetu wanaliita Chura kwa sababu ya zile taa. Sina ugomvi nao.

Wenye magari ya namna hii hapa mwisho wa reli hatuko wengi, kwa hiyo tunajuana. Kuna Celica ya zamani, kuna Altezza mbili tatu zisizo otomatiki, na kuna mzee mmoja mwenye Silvia ambayo hutoka ndani siku za sikukuu tu. Sote tumeshaambiwa sentensi ileile gereji: "Klachi imekwisha, tushushe giaboksi." Utaambiwa hivyo gari likichelewa kuondoka. Utaambiwa hivyo gia ikigoma kuingia, pedeli ikilegea, au kukisikika mlio wowote kuanzia ulipo usukani hadi kwenye difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Nami nasema ugonjwa wa klachi hautafutwi kwa kufungua. Unatafutwa gari likiwa zima, kwa mguu, kwa sikio na kwa tochi. Ukimaliza hapo ndipo utajua kama kuna haja ya kushusha kitu. Na kama ipo, basi siku hiyo si siku ya kubana hela.

Tuanze na kilichomo ndani, maana bila hilo vipimo vyote vitakuwa uganga. Flaiwili, gurudumu zito la chuma, imefungwa kwenye krenki, shafti kuu ya injini, na inazunguka na injini muda wote. Pleti ya klachi, yenye laining, yaani tabaka la kusuguana, pande zote mbili, imekaa juu ya meno ya shafti ya giaboksi. Presha pleti imefungwa kwenye flaiwili, na kazi yake ni kuibana hiyo pleti katikati kwa nguvu ya springi moja bapa yenye vidole vingi. Ukikanyaga pedeli, silinda ya juu inasukuma mafuta ya hidroliki hadi silinda ya chini, silinda ya chini inasukuma uma, uma unasukuma klachi beringi, beringi inakandamiza vidole, na pleti inaachiwa huru. Basi, hakuna kingine.

Ukiufuata mnyororo huo utaona kwamba magonjwa makubwa ni mawili, tena yanapingana. Kuna pleti isiyobanwa vya kutosha, ambayo inateleza. Na kuna pleti isiyoachiwa vya kutosha, ambayo inaburuza. La kwanza kwa kawaida linakupeleka ndani. La pili, mara nyingi sana, dawa yake iko nje ya giaboksi kabisa. Fundi anayeyaita yote mawili "klachi imekwisha" anakutibu malaria kwa kukung'oa jino.

Langu lilikuwa la kuteleza. Lilijionyesha kwenye mlima wa hapa mjini wa kutoka stesheni kwenda mtaa wa Mwanga, na halikujionyesha kwenye gia ya kwanza kama watu wengi wanavyotarajia. Kwenye gia ya kwanza gari jepesi kama hili linaondoka tu, injini haijasumbuka. Klachi iliyochoka inajitaja kwenye gia kubwa, mlimani, mguu ukiwa umezama kwenye mafuta, kwa sababu hapo ndipo injini inasukuma kwa nguvu zake zote na gari linakataa kwenda haraka. Mshale wa resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapanda, mshale wa mwendo umesimama palepale.

Hesabu yake ni rahisi. Gia ya nne ya giaboksi hii ni moja kwa moja, haiongezi wala haipunguzi. Difu ni 4.3, yaani giaboksi inazungusha mara 4.3 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi za kiwandani, za inchi 14, kilomita 50 kwa saa kwenye gia ya nne lazima ziwe karibu na resi 2,000. Hakuna namna nyingine, vyuma vimeshikana. Ukiona mwendo ni 50 halafu resi ni 2,700, hizo 700 hazikufika kwenye magurudumu. Zimegeuka moto kati ya pleti na flaiwili. Kwa gari lako fanya hesabu yako: tafuta uwiano wa gia, wa difu na mzingo wa tairi, kisha nenda kwenye mlima ulionyooka usio na watu, uingie gia ya nne kwa mwendo mdogo, ukanyage mafuta hadi mwisho kwa sekunde chache huku ukitazama mishale miwili. Injini dhaifu nayo inashindwa mlima, lakini resi zake hazipandi. Hiyo ndiyo tofauti, na imewaokoa watu kununua klachi wakati kilichoziba ni chujio la hewa au breki ya nyuma imeng'ang'ania.

Mafundi wetu wana kipimo chao: handibreki juu, gia ya tatu, resi kidogo, achia klachi. Injini ikizimika klachi nzima, ikiendelea kunguruma imekwisha. Si kipimo kibaya. Ila handibreki iwe inashika kweli, weka na mawe kwenye tairi, mtu asisimame mbele ya gari, na usirudie rudia. Kila unaporudia na klachi inayoteleza unaipika zaidi, na harufu yake utaijua bila kufundishwa. Vilevile klachi ambayo ndiyo kwanza imeanza kuchoka inaweza kufaulu kipimo hiki na bado ikateleza mlimani, kwa hiyo mimi naamini mlima kwanza.

Kabla hujahukumu laining, shuka chini ya dashibodi uiguse pedeli kwa kidole. Iwe na mchezo wa milimita chache kabla haijaanza kusukuma silinda. Kama haina mchezo kabisa, silinda inaweza kuwa inabaki imesukuma kidogo muda wote, vidole vimekandamizwa nusu, na pleti nzima isiyo na kosa inateleza. Dawa yake ni kulegeza nati ya fimbo ya pedeli na kuizungusha fimbo. Spana moja, kazi ya muda mfupi. Langu mchezo ulikuwepo, kwa hiyo hapo nikapita.

Sasa lile la kuburuza. Dalili yake ni gia kugoma kuingia injini ikiwa inawaka, hasa rivasi, ambayo inasaga kwa kelele za kuaibisha mbele ya watu. Zima injini, jaribu tena: ikiingia laini bila ubishi, giaboksi haina kosa, klachi haiachii. Hapo tochi ndiyo fundi. Fungua boneti, tazama kikopo cha mafuta ya klachi. Kimepungua? Yamekuwa meusi? Pedeli ya asubuhi inazama, lakini ukiipiga piga mara tatu nne inapanda na gia zinaingia? Huo ni ugonjwa wa hidroliki: mpira wa silinda umechoka au kuna hewa kwenye bomba.

Roadster zinajulikana dunia nzima kwa silinda ya chini inayovuja. Langu lilishafanya hivyo zamani kidogo, na niliambiwa tushushe giaboksi. Nikalala chini ya gari, nikaifikia ile silinda iliyofungwa kwa nje ubavuni mwa giaboksi, nikaisukuma pembeni soksi ya mpira kwa ncha ya bisibisi. Ilichuruzika mafuta meusi hadi kwenye kiwiko. Soksi ile kazi yake ni kuzuia vumbi tu, haitakiwi kuwa na mafuta ndani hata tone. Mpira mpya, mafuta mapya, hewa ikatolewa, gia zikaingia. Giaboksi haikuguswa. Hii nimeieleza kwa sababu ndiyo inayowagharimu watu wengi, na mtu akishalipia klachi mpya anakuta rivasi bado inasaga.

Milio nayo ina lugha yake, ijifunze. Injini inawaka, gari limesimama, gia ziko huru. Mlio ukianza pale unapokanyaga pedeli na kuisha unapoiachia, mshuku klachi beringi. Ukiwepo mguu ukiwa mbali na pedeli na kunyamaza unapokanyaga, hiyo ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, na klachi mpya haitakusaidia kitu. Kuna na wa tatu: unakanyaga pedeli ukiwa umeingiza gia na gari limesimama, unasikia mlio mwembamba wa kulia lia. Mara nyingi ni ile beringi ndogo iliyozama katikati ya flaiwili, mafundi wanaiita pailoti, inayoshika ncha ya shafti. Gari likitetemeka wakati wa kuondoka, angalia mafuta yanayodondoka pale injini inapokutana na giaboksi, na angalia mpira wa kushikia injini kabla ya yote.

Kwangu ushahidi ulikuwa umekamilika: mlima, hesabu, harufu, mchezo wa pedeli uko sawa, hakuna uvujaji nje. Pleti imekwisha. Sasa tushushe.

Vipuri viliagizwa Kariakoo kwa simu, na hapa kuna mtego. Roadster ya kwanza ya injini ya 1.6 inatumia pleti ya milimita 200. Ile ya 1.8 iliyokuja baadaye inatumia ya 215. Muuzaji akisikia "Mazda Roadster" anaweza kukutumia yoyote, na kutoka Dar hadi Kigoma si mahali pa kurudisha mzigo jioni. Mtumie picha ya kibati cha chesisi. NA6CE ni 1.6, NA8C ni 1.8. Na agiza vyote pamoja: pleti, presha pleti, klachi beringi, pailoti, sili ya nyuma ya krenki, sili ya mbele ya giaboksi. Sili mbili zile ni vipande vya mpira vya bei ndogo ukilinganisha na vingine, lakini ikivuja mojawapo baada ya mwezi, mafuta yanaingia kwenye laining na umerudi shimoni unalipa ufundi uleule kwa mara ya pili.

Nilishauriwa kubandika. Hapa mjini kuna watu hodari wa kazi hiyo: wananyofoa laining ya zamani, wanapiga mpya kwa riveti, gari linaondoka. Kwa Fuso linalopanda taratibu na viazi kutoka vijijini, siwezi kulisemea vibaya, linafanya kazi. Kwa injini ambayo mstari wake mwekundu unaanzia resi 7,000, hapana. Pleti inazunguka na hizo resi zote, na kila kipande cha laining kinavutwa nje kwa nguvu inayopanda kwa mraba wa mwendo. Kilichobandikwa kwa nyundo juu ya benchi kikiachia hapo, kinaachia ndani ya chombo cha aluminiamu kilicho sentimita chache kutoka kwenye miguu yako. Hilo sikubaliani nalo hata kwa bure.

Gereji niliyokwenda iko chini ya mwembe, njia ya Ujiji, ina shimo la saruji na fundi mzee ambaye ujana wake aliumalizia kwenye Land Rover. Roadster hakuwahi kuifungua. Aliingia shimoni, akatembeza tochi kutoka mbele hadi nyuma, akatoka na maneno mawili: "Mwalimu, inafungika." Nilipenda hiyo.

Kilichomshangaza ni fremu. Kwenye gari hili giaboksi na difu vimeunganishwa na fremu ndefu ya aluminiamu inayopita pembeni mwa propela, ile shafti ya kupeleka nguvu nyuma, na giaboksi haina mpira wa kuikalia chini kama ilivyo kwenye magari mengine. Ukiifungua fremu bila kuweka jeki, giaboksi inainama na injini inalala nyuma. Kwa hiyo jeki kwanza, na kipande cha mbao juu yake. Mpangilio ukawa: waya hasi wa betri, kisha ndani ya gari kutoa konsoli na mkono wa gia, kisha chini kumwaga mafuta ya giaboksi, kutoa bomba la ekzosi, kuweka alama ya chaki kwenye flanji ya propela na difu kabla ya kufungua bolti zake nne ili irudi ilivyokuwa, waya wa spidomita, plagi za swichi, stata. Silinda ya chini ya klachi inafunguliwa bolti zake mbili na kufungwa pembeni kwa waya bila kulegeza bomba. Ukilegeza bomba umejiongezea kazi.

Bolti za juu za kuunganisha giaboksi na injini ndizo zinazotukanwa kwa lugha zote. Hazionekani kutoka juu wala chini. Ujanja ni kuishusha jeki kidogo, giaboksi ikainama nyuma, halafu ukaunganisha ekstensheni hadi ziwe ndefu kama mkono na nusu, ukazipitisha juu ya giaboksi kutokea nyuma. Kijana msaidizi alilala kifudifudi ndani ya gari akaongoza soketi kwa vidole kupitia tundu la mkono wa gia. Mzee akiwa chini anauliza, "Imekaa?" Dogo anajibu, "Bado, babu. Kushoto. Kushoto yako, siyo yangu." Iliposhika, mzee aliipa mkono mmoja tu na ikalia tak.

Giaboksi yenyewe ina uzito wa zaidi ya kilo 30. Watu wawili wanaipokea bila shida, mradi isiachwe ikining'inia kwa shafti ndani ya pleti.

Tulipotoa presha pleti, kwa kulegeza bolti zake kwa kupishana, kidogo kidogo, pleti ilidondoka mkononi mwangu. Upande wa giaboksi laining ilikuwa imebaki nyembamba, mifereji yake imefutika lakini ipo. Upande wa flaiwili ulikuwa umefika kwenye riveti. Vichwa vya shaba vilikuwa vinang'aa, vimesuguliwa hadi vimekuwa bapa, na kila kimoja kilikuwa kimejichorea duara lake kwenye uso wa flaiwili. Ukipitisha ukucha unaruka kwenye kila duara. Katikati ya maduara hayo kulikuwa na madoa ya buluu yenye ukingo wa zambarau, mahali chuma kilipopata moto mkali kikapoa. Kila resi iliyopotea kwenye ule mlima ilikuwa imeandikwa pale.

Vumbi jeusi lilijaa kila mahali, na dogo alikuwa ameshashika mpira wa kompresa. Nilimzuia. Laining za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na huwezi kujua pleti iliyotoka ni ya mwaka gani wala ya nani. Vumbi la asbesto ni baya kwa mapafu, na linachukua miaka mingi kuonyesha madhara. Kitambaa kilicholoweshwa maji, futa, weka kwenye mfuko, funga, tupa. Mzee alinitazama kama ninamchelewesha, lakini akamtuma dogo maji.

Pailoti ilikuwa imekauka. Ukiizungusha kwa kidole inakwaruza. Kuitoa kunataka kivutio maalumu ambacho hatukuwa nacho, na mzee hakukihitaji. Alikata kipande cha sabuni ya mawese, ile ya mche tunayofulia, akaifinya kwenye tundu la katikati la beringi hadi likajaa. Akachukua chuma cha duara kinachoingia tundu lilelile bila kupwaya, akakipiga nyundo. Sabuni haina pa kwenda ila nyuma ya beringi. Akaongeza sabuni, akapiga tena, na beringi ikaanza kutoka kwa milimita, ikisukumwa kutokea nyuma, hadi ikadondoka kwenye kiganja cha dogo. Wengine hutumia grisi, lakini grisi inakurukia usoni. Sabuni inafutika na kitambaa.

Flaiwili ilienda kwa mkereza vyuma, mtu ambaye siku nyingi anahangaika na shafti za maboti ya ziwani. Kuiweka pleti mpya juu ya flaiwili yenye maduara na madoa ya moto ni kuitupa pleti: itagusa sehemu ndogo tu, itatetemeka, itaisha upesi. Alikata kidogo mno, uso ukawa mmoja. Ukiipokea flaiwili iliyokerezwa, iangalie kwenye mwanga wa pembeni. Doa la buluu likibaki, bado ina sehemu ngumu chini, na hapo bora utafute nyingine.

Wakati flaiwili iko nje tuliweka sili mpya ya krenki, ikaingia sawa bila kupinda, ikapakwa mafuta mdomoni. Bolti sita za flaiwili zilipakwa gundi ya kuzuia mafuta kwenye nyuzi, zikafungwa kwa kupishana hadi kati ya nyutonimita 96 na 103. Za presha pleti ni ndogo, kati ya 18 na 26, na hapa ndipo mikono iliyozoea Land Rover inavunja bolti. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, tuliazima. Nilikaa pembeni nikiisoma namba kila mara, na mzee alivumilia.

Pleti ina upande. Upande wenye springi zilizochomoza unatazama giaboksi, na ukigeuza hautajua hadi gari limefungwa lote na pedeli haifanyi kazi. Kwenye meno ya shafti pakaa grisi ya kuvumilia moto, utando tu, kiasi cha kuonekana kama unyevu. Ikizidi, flaiwili ikizunguka inairusha yote kwenye laining mpya. Na mikono: aliyeshika grisi hashiki pleti. Kifaa cha kusimamisha pleti katikati kilikuja ndani ya boksi, kipande cha plastiki chenye umbo la ncha ya shafti. Mzee alikuwa ameshachonga cha mti na kukizungushia selotepu, akakipima na cha plastiki, vikalingana. Chake ndicho tulichotumia.

Kurudisha giaboksi hakuna la ajabu zaidi ya subira. Ikigoma kuingia sentimita ya mwisho, usiivute kwa bolti. Mtu azungushe shafti ya nyuma ya giaboksi kidogo huku gia imeingizwa, meno yatakutana yenyewe na itaingia. Ukilazimisha kwa bolti unapinda kitovu cha pleti, na klachi mpya itaburuza tangu siku ya kwanza. Wakati uleule badilisha mipira miwili ya chini ya mkono wa gia kama imechanika. Yangu ilikuwa vipande, na sasa ndio nimejua kwa nini mguu wangu wa kushoto ulikuwa unapata joto kila safari.

Mafuta ya giaboksi yanahitaji sentensi zake. Hii inataka 75W-90 ya daraja la GL-4, lita mbili hivi, unajaza hadi yanaanza kurudi kwenye tundu la kujazia. Madukani hapa utapewa ya malori, nzito, mara nyingi GL-5. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, na dawa zake nyingi haziendani na pete za shaba za ndani ya giaboksi za magari ya umri huu. Gia zitaingia kwa uzito asubuhi na utaanza tena kuilaumu klachi. Niliagiza yale sahihi pamoja na vipuri.

Ingawa bomba la klachi hatukulifungua, tulitoa hewa na kuweka mafuta mapya ya hidroliki, DOT 3. Dogo kwenye pedeli, mzee chini. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Mapovu yalitoka kidogo halafu yakakoma, yakaja mafuta meupe.

Pleti mpya haitaki sifa. Laining na flaiwili vinahitaji kusuguana taratibu hadi nyuso zifanane, na ushauri wa kawaida ni kilomita 500 hadi 800 za kuondoka kwa upole, kubadili gia mara nyingi, bila kuvuta kitu na bila mafuta hadi mwisho. Foleni za mjini zinafaa kuliko lami ndefu, kwa sababu kinachosugua ni kule kukanyaga na kuachia. Safari ya Kasulu ya gia ya tano muda mrefu inakuongezea kilomita kwenye dashibodi tu. Nilipomaliza nilirudi mlimani kwa kipimo changu: gia ya nne, 50, mafuta hadi chini. Mishale miwili ikapanda pamoja.

Kilichobaki ni mguu. Kwenye mji wa vilima kama huu, kinachoua klachi kuliko mwendo kasi ni kulishikilia gari kwenye mteremko kwa klachi nusu, injini inanguruma, gari halipandi wala halishuki, dereva anasubiri bajaji ipakie. Sekunde chache za hivyo zinatoa moto mwingi kuliko kuondoka kawaida mara nyingi. Handibreki iko pale kwa kazi hiyo. Vuta, toa gia, toa mguu. Njia ikifunguka ingiza gia, achia klachi hadi usikie pua ya gari inanyanyuka kidogo, ndipo ushushe handibreki. Wa nyuma akipiga honi, apige.